Dakika za Lala Salama: Kipyenga Kiko Mkononi mwa Nani?

Kijana mwenzangu, kama ulikuwa kibanda umiza usiku wa tarehe 21 Januari 2024, huwezi kuisahau. Taifa Stars na Zambia, AFCON, kule San Pedro nchini Ivory Coast. Simon Msuva katufungia mapema, dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi baada ya mwenzao kuoneshwa kadi nyekundu. Tulikuwa hatujawahi kushinda mechi hata moja ya AFCON tangu taifa hili lianze kucheza mpira, na sasa ushindi tunauona kwa macho. Watu wameshasimama. Mtu anaangalia saa kila baada ya sekunde kumi. Dakika ya 88, Patson Daka akapiga kichwa. Moja moja. Kibanda kizima kikawa kama kanisa Ijumaa Kuu.

Watangazaji wetu wa mpira wana jina zuri la dakika hizo. Wanaziita dakika za lala salama. Sijui aliyeanza kuziita hivyo alikuwa anafikiria nini, lakini mimi kila nikilisikia jina hilo nakumbuka kwamba kuna siku na mimi nitaambiwa nilale salama. Kwa hiyo leo naomba tutafakari swali ambalo kila shabiki amewahi kuliuliza kwa hasira: mechi inaisha lini, na nani anaamua?

SHERIA INASEMAJE

Sheria za mpira wa miguu ziko 17, na ya 7 ndiyo inayohusu muda. Vipindi viwili vya dakika 45, mapumziko yasiyozidi dakika 15. Halafu kuna muda uliopotea: wachezaji kubadilishwa, majeruhi kutibiwa, kadi kutolewa, watu kunywa maji, watu kushangilia bao, VAR kuangaliwa, na wale wanaojiangusha makusudi ili dakika ziende. Muda huo wote refa anaurudisha mwishoni mwa kipindi. Kwa hiyo dakika za nyongeza siyo zawadi ya bure. Ni muda uliopotea unaorudishwa. Kombe la Dunia la Qatar, England na Iran, tarehe 21 Novemba 2022, kipa wa Iran aligongana vibaya na beki wake na kutibiwa kwa muda mrefu. Kipindi cha kwanza peke yake kikaongezwa dakika 14.

Naomba ushike mambo manne hapa, kwa sababu tutayahitaji mbele.

La kwanza: mtunza muda ni refa. Yule wa akiba anayenyanyua ubao pembeni anatangaza tu alichoamua refa. Saa kubwa ya uwanjani haimalizi mechi, na kelele za jukwaani haziimalizi.

La pili: namba iliyo kwenye ubao ni kiwango cha chini. Ukiona 4, maana yake ni angalau nne. Refa anaweza kuongeza juu yake, lakini hawezi kupunguza.

La tatu: refa akikosea kuhesabu kipindi cha kwanza, haruhusiwi kufidia kwa kurefusha au kufupisha kipindi cha pili. Kilichopita kimepita.

La nne, na hili ndilo linaloleta ugomvi: hakuna sheria inayomlazimisha refa asubiri shambulizi liishe. Kama penalti imeshaamuliwa, kipindi kinarefushwa mpaka ipigwe ikamilike. Kona haina haki hiyo. Waulize Brazil. Tarehe 3 Juni 1978, siku ambayo sisi tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda, Brazil walikuwa sare ya 1–1 na Sweden kule Mar del Plata, Argentina. Kona ya mwisho ikapigwa, Zico akaruka, kichwa, nyavuni. Kumbe refa Clive Thomas kutoka Wales alikuwa ameshapuliza mpira ukiwa bado hewani. Bao likakataliwa, na mechi ikabaki sare mpaka leo.

Refa naye ni binadamu. Januari 2022, Limbe nchini Kamerun, Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akarudisha watu uwanjani, kisha akamaliza tena sekunde chache kabla ya dakika ya 90. Mali walikuwa mbele 1–0. Baadaye ikafahamika kwamba jua la siku ile lilikuwa limemwathiri vibaya kiafya. Walipotaka kumalizia sekunde zilizobaki, Tunisia hawakurudi. CAF ikayathibitisha matokeo vilevile.

KILICHOTOKEA MAJENGO

Sasa tuje nyumbani. Majengo, hapa Mpanda, kulikuwa na fainali ya kombe la mbuzi. Timu ya vijana wa bodaboda na timu ya mafundi gereji. Mechi ilipangwa saa kumi, lakini mnatujua: mgeni rasmi hajafika, tumsubiri kidogo. Mpira ukaanza saa kumi na moja na robo. Sisi wa magharibi jua huchelewa kutuaga. Wenzetu wa Dar es Salaam wakishawasha taa, sisi bado tuna karibu nusu saa ya mwanga. Hata hivyo jua lina ratiba yake, halisubiri mgeni rasmi wala mbuzi.

Refa alikuwa mwalimu mmoja mstaafu. Wakati wa mapumziko aliwaita manahodha wote wawili akawaambia mbele ya watu kwamba dakika za nyongeza hazitakuwepo, giza likiingia anamaliza. Wote wakakubali. Bodaboda wakiwa mbele kwa bao moja, gereji wakapata kona. Mpira unawekwa, watu wanasukumana golini, na kipyenga kikalia. Basi, unajua kilichofuata. Uwanja mzima ukaingia kati. Hakuna aliyepigwa, namshukuru Mungu, ila maneno yaliyotoka pale siwezi kuyaandika hapa.

Kesho yake nilimkuta mwalimu nje ya kanisa baada ya Misa ya pili.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba frateri.”

Nikamuuliza, jana ulijuaje kwamba muda ni ule?

“Frateri, saa ninayo, lakini jioni kama ile saa peke yake haitoshi. Nasimama katikati ya uwanja, namwangalia kipa wa huku na kipa wa kule. Nikishindwa kumwona mmoja vizuri, najua na yeye hauoni mpira unaomjia usoni. Hapo napuliza. Mbuzi hana thamani ya jicho la mtoto wa mtu.”

“Lakini walikuwa wanapiga kona, mwalimu.”

Akacheka. “Nimechezesha miaka mingi. Kila ninapomaliza mechi, kuna mtu alikuwa karibu kufunga.”

Hilo jibu limekaa kichwani kwangu kuliko mambo mengi niliyoyasoma kwenye falsafa. Kila mechi inapoisha, kuna mtu alikuwa karibu kufunga. Kila msiba unaoingia Majengo, marehemu alikuwa karibu kufanya kitu: karibu kufunga ndoa, karibu kurudi kanisani, karibu kumpigia mama simu.

Kisha mwalimu akanyamaza, akaniambia jambo ambalo ameniruhusu niliandike. Yeye na kaka yake hawakusemezana miaka mitatu kwa sababu ya mpaka wa shamba la mpunga. Mwaka wa tatu akajiambia, nitakwenda tukishavuna. Mpunga ukiwa bado shambani, akaletewa habari kwamba kaka yake amefariki. “Mpaka ule ulikuwa hatua nne, frateri. Nimezipima mwenyewe baada ya mazishi.”

UGOMVI AMBAO BADO UNACHEZWA

Kwa nini nayaeleza haya yote? Kwa sababu katika mechi ile walikuwepo vijana wawili wa kwaya moja, mmoja kipa wa bodaboda, mwingine ndiye aliyekuwa anakwenda kupiga ile kona. Tangu jioni ile hawasalimiani. Wanasimama safu moja, wanaimba wimbo mmoja, wanapokea Ekaristi ileile. Padre akisema tupeane amani, mmoja anageukia kushoto, mwingine anageukia kulia. Sitawataja. Wakisoma hapa watajijua, na wajue kwamba naandika kwa upendo.

Wapendwa, hebu tuone ajabu ya jambo hili. Kuna mechi mbili hapa. Ya kwanza imeisha, refa amepuliza, mbuzi ameshaliwa na mifupa imetupwa. Hiyo ndiyo tunayoendelea kuicheza kila siku, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Ya pili ni maisha yetu, na hiyo bado inaendelea. Hiyo ndiyo tunaiacha dakika zake zimwagike kana kwamba haina mwisho. Tunagombania sekunde za mechi iliyokwisha kwa kupoteza miaka ya mechi inayoendelea.

Mtume Paulo anawaandikia Waefeso (4:26) kwamba hasira inaweza kutupata, lakini jua lisizame nayo ikiwa bado imo mioyoni. Mwalimu wetu alimaliza mechi kwa sababu jua lilikuwa linazama. Paulo anatuambia tumalize hasira kwa sababu hiyohiyo. Kwenye giza watu wanaumizana, kwa kuwa hakuna anayemwona mwenzake vizuri. Mtu uliyekaa na hasira naye miezi miwili humwoni tena yeye. Unaona kivuli tu, na kivuli kila siku ni kirefu kuliko mtu.

Bwana wetu naye, katika Mathayo 5:23–26, anaweka muda. Ukiwa umefika altareni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana jambo nawe, acha sadaka hapo, nenda kapatane kwanza. Anasema tupatane upesi, wakati bado tuko njiani pamoja na mwenzetu. Njia ina mwisho. Mwalimu na kaka yake walikuwa njiani miaka mitatu.

MAKOSA MAWILI

Kanisa linatufundisha kwamba tumaini lina maadui wawili (Katekisimu, namba 2091): kukata tamaa, na kutumaini kwa kiburi. Wote wawili wanahusiana na saa.

Anayekata tamaa anasema: mimi nimeshachelewa, nimeshafungwa tano, dakika ni ya 80, nifanye nini tena? Pengine ni wewe unayesoma. Umeanguka dhambi ileile mara nyingi mpaka unaona aibu kumrudia padre yuleyule. Au umetoa mimba, au umemsaidia mtu kuitoa, na unaamini mlango umeshafungwa. Ndugu yangu, dada yangu, nani kakupa kipyenga? Kama hakijalia, mechi inaendelea. Soma Luka 13:6–9. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu kutafuta matunda kwenye mtini, asiyapate. Akataka ukatwe. Mtunza shamba akamwombea mwaka mmoja zaidi, ili auchimbie pembeni na kuutia mbolea. Hizo ndizo dakika za nyongeza za Injili! Na ona, mtunza shamba hakuomba muda mtupu. Aliomba muda akiwa na jembe mkononi. Muda tulioupoteza tukiwa majeruhi Mungu anaweza kuturudishia, lakini anaurudisha pamoja na neema ya kuufanyia kazi: kitubio, Neno lake, Ekaristi.

Na kumbuka ile sheria kwamba kosa la kipindi cha kwanza halifidiwi kwa kubadilisha urefu wa kipindi cha pili. Wengi wetu tunateseka tukitaka kuilipa jana kwa kutumia leo. Huwezi. Jana ipeleke kwenye kitubio, uiache kwenye huruma ya Mungu, halafu cheza kipindi hiki.

Adui wa pili ni yule anayetumaini kwa kiburi. Huyu anasema: mimi bado kijana, nitatubu nikizeeka, si hata yule mhalifu msalabani aliingia peponi dakika ya mwisho? Huyu ni sawa na timu inayoongoza halafu inaanza kujiangusha, kipa anaubembeleza mpira kama mtoto mchanga. Anadhani saa ni silaha yake. Siku hizi sheria imemwamkia: tangu 2025 kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Ndugu, mhalifu yule hakuipanga dakika ile. Kwa kadiri Injili inavyotuonesha, alikutana na Yesu pale msalabani, na hapohapo akaomba. Wewe umekutana naye tangu ubatizo. Ukitaka kumfuata yule mhalifu, mfuate kwa alichokifanya: alipomwona Yesu, hakusema kesho.

Zaburi inayozungumzia wingi wa siku zetu ni ya 90, kama dakika za mechi. Pale mwenye Zaburi anataja miaka sabini, au themanini kwa wenye nguvu, kisha anamwomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu. Lakini mpira una ubao, sisi hatuna. Hakuna malaika anayesimama pembeni ya barabara ya Mpanda kunyanyua namba ili mwendesha bodaboda ajue zimebaki ngapi. Na Katekisimu (namba 1021) inatuambia wazi kwamba kifo ndicho kinachofunga muda wa mtu kuipokea au kuikataa neema. Baada ya kipyenga hicho hakuna rufaa TFF, hakuna CAF.

DAKIKA ZA MWISHO ZA YESU

Mpaka hapa mtu anaweza kuogopa, akamwona Mungu kama refa anayevizia apulize wakati uko vibaya. Hapana. Refa mzuri hana timu. Mungu ana upande, na upande wake ni wewe. Barua ya pili ya Petro (3:9) inasema kwamba anachoonekana kukawia ni uvumilivu, kwa kuwa hataki mtu yeyote apotee. Na atakayetuhukumu ni Yesu, ambaye mwenyewe aliingia uwanjani, akachezewa rafu mpaka kufa, na mechi yake ikaisha akiwa bado kijana.

Tumwangalie yeye alivyozitumia dakika zake za lala salama. Luka anasema giza lilifunika nchi tangu saa sita mpaka saa tisa. Kwa saa zetu za Kiswahili ni mchana kweupe, saa za watu kwenda kula. Mwalimu wa Majengo angemaliza. Yesu aliendelea. Akawaombea msamaha waliomsulubisha. Akamfungulia mlango mhalifu aliyekuwa karibu naye. Akamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, ili mama asibaki peke yake. Ndipo, anasema Yohane (19:30), alipotamka kwamba yote yamekwisha, akainamisha kichwa. Kati yetu wote ni yeye peke yake ambaye kipyenga kilikuwa mkononi mwake, maana alikuwa amesema hakuna anayemwondolea uhai, yeye anautoa mwenyewe (Yn 10:18). Na alipuliza baada ya kusamehe, siyo kabla.

Hapo ndipo jibu letu lilipo. Hatujui dakika ya mwisho ni ipi, lakini tumeoneshwa inavyochezwa. Mtakatifu Augustino aliumia kichwa sana juu ya fumbo la wakati katika Maungamo yake, kitabu cha 11. Aliona kwamba jana haipo tena na kesho bado haijafika. Kilichopo ni sasa. Na Mama Kanisa ametufundisha hivyohivyo kwa njia rahisi zaidi. Mara 53 katika rozari tunamwomba Maria kwa ajili ya nyakati mbili tu: sasa, na saa ya kufa kwetu. Siku moja nyakati hizo mbili zitakuwa wakati mmoja. Anayeitumia vizuri “sasa” yake, siku hiyo haitamkuta mgeni.

KABLA JUA HALIJAZAMA

Kwa hiyo sikuombi jambo kubwa. Nakuomba mtu mmoja. Unamjua. Jina lake limeshakujia wakati unasoma. Usimtumie meseji ya “mambo” halafu ukaiita upatanisho. Nenda kwake kwa miguu au panda bodaboda. Kama yuko mbali, mpigie akusikie sauti. Usianze na nani alikosa, maana hapo mtarudi dakika ya kwanza na mtacheza mechi yote upya. Anza na salamu. Kama wewe ndiye mdogo, shikamoo ni mlango mzuri. Kama ni wewe uliyekosewa, nenda hivyohivyo. Yesu hakusubiri tuje.

Na akikataa? Utakuwa umepiga kona yako. Mengine mwachie Mwenye saa, ila usifute namba yake.

Maswali ya kutafakari wewe mwenyewe, au katika jumuiya yenu:

1. Ni mechi gani iliyokwisha ambayo bado ninaicheza moyoni?
2. Kati ya kukata tamaa na kutumaini kwa kiburi, ni adui yupi ananisumbua zaidi sasa hivi?
3. Kama jua la leo likizama, nani atabaki na deni la msamaha kutoka kwangu?

Tusali.

Ee Bwana Yesu, nyakati zetu zimo mikononi mwako. Asante kwa dakika ulizoturudishia tulipokuwa majeruhi. Tuondolee hasira tunazolala nazo. Wape amani vijana wanaosimama safu moja bila kusalimiana, uwapumzishe marehemu wetu waliokuwa karibu kufunga, na uwafariji waliobaki wakizipima hatua za mipaka. Kipyenga chako kikilia kitukute tukicheza, mikono yetu ikiwa mitupu, haijashika kosa la mtu. Kwa njia yako, Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!